Milimita Sita

Magomeni, Dar es Salaam
24 Juni 1974

Baba yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba wewe na mama mko wazima, na kwamba ukungu wa mwezi huu haujaharibu maharage ya bondeni. Sisi tulifika salama ingawa basi lilichelewa Korogwe. Mzee Nikodemo ametupokea vizuri, mkewe katupa chumba cha uani. Shangazi Klementina halalamiki mguu, analalamika joto, na sembe, anasema haimkai tumboni kama bada ya muhogo. Mzee Nikodemo alimjibu, "Vumilia, shemeji. Msambaa hauawi na ugonjwa, huuawa na joto la Mombo. Wewe Mombo umeshapita, kwa hiyo hufi tena." Shangazi alicheka mpaka akafuta machozi. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu walipomkata lile doa la unyayoni mwaka jana.

Sasa habari ya hospitali. Daktari ni Mzungu, kijana kuliko nilivyofikiri, na anasema Kiingereza polepole kwa ajili yangu. Shangazi hataki kumjibu kwa Kiswahili. Anaangalia sakafu na kunong'ona Kishambaa, kwa hiyo kila neno linapita kinywani mwangu. Unanijua, Baba. Darasani mwalimu akiniita jina huwa natamani ardhi inifunike. Hapa wananitazama watu watatu kwa wakati mmoja.

Amehesabu vile vivimbe vyeusi vilivyopanda kutoka kifundoni hadi gotini. Ni tisa, kila kimoja kama mbegu ya papai. Anasema ni lile lile doa la unyayoni, kwamba saratani ya ngozi ya namna hii hutawanya mbegu zake kabla hujaikata. Visu haviwezi kuifuata yote. Lakini kuna jambo wanalijaribu Marekani miaka hii michache. Wanachukua chanjo ya kifua kikuu, ile ile iliyotuachia kovu begani shuleni, wanaichoma ndani ya kivimbe chenyewe. Anasema chanjo haiui saratani. Inaupigia mwili kelele uamke, na mwili ukiamka kwa hasira unaweza kupiga vyote vilivyo karibu. Wengine inawasaidia, wengi haiwasaidii. Hakuahidi kitu.

Kisha aliuliza kama kuna mtu nyumbani kwetu aliyewahi kuugua kifua kikuu, au kama Shangazi alipata kukaa na mgonjwa wa namna hiyo.

Baba, sikumtafsiria Shangazi swali hilo. Nilijibu mwenyewe. Nilisema hapana. Nilikumbuka ulivyonishika bega pale Soni kabla ya kupanda basi, ukasema kilicho chini ya paa letu kibaki chini ya paa letu.

Wasalimie wote.

Mwanao,
Secilia


Mgwashi
6 Julai 1974

Kwa mwanangu Secilia,

Marahaba, na milele amina. Barua yako nimeipata kwa mkono wa mwenye duka. Mama yako mzima. Mimi ni mzima ila sina nafasi. Tangu wanichague mwenyekiti wa kijiji kila siku ni kikao. Shamba la ujamaa limelimwa nusu, nusu nyingine watu wanasema wanaumwa migongo. Chai ya huku inapelekwa kiwandani Mponde kama kawaida, na ukatekista wangu nao haungoji.

Kaka yako Timotheo amekubaliwa ile posa ya Bumbuli. Wazee wa upande wa pili watakuja kutuona mwezi wa kumi. Ni watu wa heshima, wanauliza sana habari za ukoo.

Ulimjibu vyema daktari. Mwambie shangazi yako tunamwombea kila Jumapili.

Ni mimi baba yako,
Kornelio


Magomeni
19 Julai 1974

Baba yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Nimefurahi kwa ajili ya kaka Timotheo. Mke wa mzee Nikodemo anakusalimu, na mzee mwenyewe anauliza kama bado mnapanda kwa miguu hadi kisimani au ujamaa umewaletea bomba.

Nimeanza barua hii mara nne. Nikisema mdomoni nashindwa, kwa hiyo naandika kabla sijaogopa.

Ijumaa ya tarehe tano walimchoma Shangazi sindano ndogo ya majaribio mkononi, chini ya ngozi. Inatakiwa isomwe baada ya siku mbili au tatu. Siku ya tatu ilikuwa sikukuu ya Saba Saba na kesho yake kliniki imejaa, basi nesi wetu, dada Mwanahawa, akanifundisha kuisoma nyumbani. "Wewe mwanafunzi, una rula. Usipime palipowaka, pima palipokuwa pagumu. Pitisha kalamu taratibu kutoka pembeni, inapokwama weka alama. Upande huu na upande ule. Halafu andika kwenye kadi." Nikamuuliza namba zina maana gani. Akasema, "Ikipita kumi, mwili wake unamjua kifua kikuu. Keshakutana naye mahali, mara nyingi ni ndani ya nyumba."

Saba Saba, watu wote wakiwa uwanjani kwenye maonyesho, nilikaa na Shangazi uani nikapima. Kalamu ilikwama mbali. Nilipima mara tatu. Milimita ishirini na moja, na katikati ngozi imeanza kutoa malengelenge.

Nikaandika sita.

Shangazi aliniona. Hajui kusoma, lakini anajua mtu akiandika kitu kifupi kuliko alichokiona. Aliteremsha mkono wa gauni lake akafunga kifungo, na hospitalini hakuna aliyeuliza habari ya mkono, maana wote wanatazama mguu.

Tarehe kumi na sita walimchoma ile chanjo katika vivimbe viwili, kidogo tu ili kuanzia. Alasiri ile ile alitetemeka hata kitanda kikatembea. Midomo ikawa ya kijivu. Mguu ukavimba, na kinenani akatoka mtoki kama yai. Daktari wetu alikuwa amesafiri kwenda Moshi. Daktari wa zamu alitazama kadi, akaona sita, akasema basi hii siyo sindano, ni malaria ya watu wa milimani wakishuka pwani. Wakampa klorokwini. Baada ya siku mbili homa ikashuka, wote wakasema ni klorokwini.

Sasa daktari amerudi. Ameitazama ile sita kwa muda mrefu. Anasema mwili wa Shangazi umelala mno, kwa hiyo tarehe kumi na tatu Agosti atampa dozi kamili, katika vivimbe vyote tisa. Nilimuuliza, kama swali la shule tu, ingekuwaje kama mwili wake ungekuwa haukulala. Akasema, "Hapo dozi kamili ingeweza kumuua palepale."

Baba, nilikuwa na miaka kumi. Sikusahau. Ulipowaambia watu kwamba dada Jenoveva ameenda Muheza kukaa na mama mdogo, alikuwa chumba cha nyuma, na Shangazi ndiye aliyelala naye humo miezi saba, akimnywesha uji na kumfuta damu. Wageni walipokuja mama alinitazama, nami nilijua kazi yangu. Niliimba. Nilitwanga kinu kisicho na kitu nikaimba kwa sauti kubwa ili kikohozi kisisikike sebuleni. Watu walinisifu, wakasema mtoto wa katekista ana sauti. Tangu siku zile sijaimba tena, hata kanisani nafungua mdomo tu. Lakini humu wodini mtu akikohoa nyuma ya pazia, koo langu linajiandaa lenyewe.

Naomba ruhusa yako nimwambie daktari. Naomba unijibu upesi. Tarehe ni kumi na tatu.

Mwanao,
Secilia


Mgwashi
2 Agosti 1974

Kwa mwanangu Secilia,

Marahaba. Mvua za vuli tunaziombea mapema mwaka huu. Mbuzi mweusi amezaa mapacha. Kikao cha kijiji kimepitisha kuchimba mtaro wa maji, kwa hiyo mwambie mzee Nikodemo bomba liko njiani, linatembea kwa miguu.

Umeniandikia mambo mengi. Bahasha ilinifikia pembe moja imefunguka. Nakukumbusha kwamba karatasi husomwa na macho mengi.

Marehemu dada yako alikufa kwa homa. Ndivyo ilivyo katika kitabu cha wafu cha kigango chetu, na mkono ulioandika ni wangu. Wewe ulikuwa mtoto, na mtoto huona vitu kwa ukubwa.

Madaktari wamesoma. Wana mashine zao. Kama kuna jambo wanapaswa kulijua, watalijua bila wewe. Wageni wa Timotheo wanakuja tarehe ishirini na sita Oktoba.

Kaa na shangazi yako kwa utulivu. Usiseme usiloulizwa.

Ni mimi baba yako,
Kornelio


Dar es Salaam
14 Agosti 1974

Baba,

Shikamoo. Barua yako niliipata Ijumaa. Niliisoma, kisha nikamsomea Shangazi, yote pamoja na mbuzi. Tulikuwa kwenye benchi la nje ya wodi. Kisha akaniambia kwa Kishambaa, "Mwanangu, kaka yangu ameniombea kila Jumapili. Lakini mimi siku ya kuchomwa ni Jumanne." Nikamwambia naogopa. Akasema hata yeye anaogopa, ila hajui anaogopa sindano au anaogopa kaka yake.

Dada Mwanahawa alikuwa nyuma yetu anakunja mashuka. Akasema, "Nyinyi watu wa juu mnadhani lugha mnayo peke yenu. Mimi Mbondei wa Muheza. Nusu ya mnayonong'ona hapa nayasikia tangu mwezi wa sita, na nusu nyingine nakisia." Nilitamani kufa. Akakaa katikati yetu, akamwambia Shangazi, "Mama, nionyeshe mkono." Shangazi akafungua kifungo. Alama bado ipo, nyeusi, ngumu, kubwa kama kifuniko cha chupa ya soda. Dada Mwanahawa akasema, "Kadi ile ilipaswa kuandikwa na mkono wangu, na mkono wangu siku hiyo ulikuwa Saba Saba unakula mahindi ya kuchoma. Kwa hiyo tuko wawili. Jumatatu asubuhi unasema wewe. Ukishindwa, nasema mimi, lakini nikisema mimi hutajisikia umesema."

Nilisema, Baba. Jumatatu, mbele ya watu wanne. Kiingereza chote cha hadithi nilizosoma shuleni kilinikimbia, nikabaki na maneno ya mtoto. Dada yangu alikuwa na kifua kikuu. Shangazi alilala naye chumba kimoja. Namba ile ni ishirini na moja. Mimi niliandika sita.

Daktari hakupiga kelele. Alikaa. Akaomba kuona mkono, akaupima mwenyewe ijapokuwa haukuhitaji kupimwa tena. Wakampiga picha ya kifua. Juu ya pafu la kulia kuna kovu la zamani, limepona lenyewe, hata yeye Shangazi hakujua. Daktari akalielekezea kidole kwenye taa akaniambia kwamba watu ambao mwili wao haumjui adui huyu, sindano hizi huwa haziwasaidii kitu. Alikuwa anafikiri kumtoa Shangazi kwenye orodha kama dozi kamili isingefanya kazi. Wanaosaidika ni wale ambao mwili wao unakumbuka. Kisha akasema, kwa upole uliokuwa mbaya kuliko hasira, kwamba kesho yake angeweza kumuua mgonjwa wake kwa sababu ya sita yangu.

Nilimtafsiria Shangazi yote, safari hii sikuruka. Akauliza, "Kwa hiyo ni Jenoveva aliyeniachia kovu hilo?" Daktari aliuliza amesema nini. Nilishindwa kutafsiri.

Jana walimchoma sehemu ya kumi tu ya dozi, katika vivimbe vitatu, vidonge vya kifua kikuu vikiwa tayari kando. Alitetemeka, lakini kitanda hakikutembea.

Najua nimekuvunjia neno. Nikirudi nitapiga magoti mbele yako. Lakini sitasema kwamba sikusema.

Secilia


Magomeni
22 Septemba 1974

Baba yangu,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Nilitegemea barua mwisho wa Agosti, kisha nikaitegemea wiki iliyofuata. Mzee Nikodemo anasema labda daraja la Soni limechukuliwa na maji. Naye anajua hakuna mvua mwezi huu.

Naandika kwa sababu una haki ya kujua hali ya dada yako. Vivimbe vilivyochomwa vilipasuka vikawa vidonda, vikatoa uchafu, vikaanza kufunga kwa ukingo. Vinne vimebaki kovu tupu. Kuna kimoja juu ya kifundo ambacho hakuna sindano iliyokigusa kamwe. Jumatatu iliyopita daktari alikitafuta, akapitisha kidole, akavaa miwani, akapitisha tena. Hakipo. Alimwita dada Mwanahawa atazame, na dada Mwanahawa akasema, "Kimeona wenzake wanavyopigwa kikahama." Daktari aliniomba nimtafsirie utani huo, akaucheka.

Lakini mtoki wa kinenani haujaisha, na hajui kama ni hasira ya chanjo au ni saratani imefika huko. Atamruhusu kurudi nyumbani mwezi wa kumi na moja, kisha arudi hapa baada ya miezi sita. Nilimuuliza ana muda gani. Akasema, leo ana zaidi ya aliokuwa nao Juni.

Kuna jambo moja tena. Siku hizi Shangazi anaongea na Jenoveva. Siyo homa. Anapofungwa vidonda anamwambia pole pole, "Vumilia mwanangu, bado viwili," kana kwamba anayefungwa ni mwingine. Mwanzoni nilitoka nje kila alipoanza. Sasa nabaki. Jana aliniambia, "Msogelee, nafasi ipo," akanisogezea upande wa kitanda ulio wazi. Nilikaa, lakini nilikaa ukingoni.

Kama hutaki kuniandikia mimi, mwandikie yeye. Nitasoma tu.

Mwanao,
Secilia


Mgwashi
3 Novemba 1974

Secilia mwanangu,

Barua hii msomee shangazi yako. Sikuandika kwa sababu kila nilipoandika salamu sikuwa na la kuweka chini yake.

Wageni wa Timotheo walikuja. Mama yake binti aliniuliza mbele ya wote kama nyumba hii imepata kuwa na maradhi ya kifua. Nilifungua mdomo kusema hapana, kama nilivyosema miaka yote. Mama yako, aliyekuwa analeta chai, aliweka sinia chini, akasema, "Tulikuwa na binti." Halafu akasimama pale pale. Hakuongeza neno. Ikabidi niongeze mimi.

Nimewaambia yote. Kwamba niliambiwa na mganga mkuu wa hospitali, mwaka ule wa Azimio la Arusha, kwamba dawa ipo, miezi kadhaa ya sindano na vidonge, na kwamba wengi wanapona. Kwamba nilisema nitamleta. Sikumpeleka kwa sababu angepitishwa njia kuu kwenye machela, na watu wangesema nyumba ya katekista ina kifua. Nilisema nitangoja kidogo. Nikangoja miezi saba.

Wale wageni walikunywa chai wakaondoka. Hawajaleta jibu. Timotheo hasemi nami, na sijui ni kwa kosa lipi kati ya mawili.

Jana ilikuwa siku ya Marehemu Wote. Nilifungua kitabu cha wafu mbele ya padre, nikakata neno homa kwa mstari mmoja, nikaandika lililo kweli. Padre hakunilaumu. Ningependa angenilaumu.

Klementina dada yangu, wewe ulikuwa naye ndani humo, mimi nilikuwa sebuleni na wageni. Sijakuuliza miaka saba. Je, alikuwa akiuliza kwa nini simpeleki? Niambie kama ilivyokuwa. Usinionee huruma.

Ni mimi,
Kornelio


Magomeni
14 Novemba 1974

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Tutaondoka hapa Jumamosi, tukijaliwa tutalala Korogwe na kufika Jumapili. Shangazi anatembea kwa fimbo. Mtoki umepungua, haujaisha.

Nilimsomea barua yako. Aliniambia nirudie pale penye jina la Jenoveva, nikamwambia jina hukuliandika, umeandika binti. Akasema, "Basi mwambie aliandike." Chai ilipopoa ndipo akajibu. Haya ni maneno yake, sijapunguza wala kuongeza. Safari hii nimeandika pale pale kalamu ilipokwama.

"Kornelio, kaka yangu. Aliuliza mara moja tu, mwezi wa kwanza. Nilimwambia gari la misheni limeharibika. Akasema, sawa, watalitengeneza. Nilisema vile ili asikuchukie, wala hakukuchukia. Alingoja. Kila gari lilipopanda mlima alinyanyua kichwa kwenye mto akasikiliza mpaka lipite, halafu aliniambia, siyo lile."

Mwanao,
Secilia